Kukaa baada ya kuhamishiwa mafuta kwenye makalio: mto wa mapajani, kulala kifudifudi au kutokaa kabisa?

Upasuaji wa kunyonya mafuta tumboni, kiunoni au mgongoni na kuyaingiza kwenye makalio, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la BBL, humwachia mgonjwa swali lisilo la kawaida: akae vipi, ilhali mahali pake pa kukalia ndipo palipofanyiwa kazi? Wapasuaji wenyewe hawajibu kwa sauti moja. Wapo wanaokataza kukaa kwa wiki 2, wapo wanaoongeza hadi wiki 6 au 8, na wapo wanaomruhusu mgonjwa kukaa kwa dakika chache tangu siku za mwanzo. Maelekezo ya mpasuaji aliyekufanyia kazi ndiyo yanayotangulia, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mafuta aliyaweka wapi na kwa kiasi gani. Ulinganisho huu unalenga kukusaidia kumuuliza maswali yanayofaa na kuchagua ndani ya mipaka aliyokuwekea.

Mizani ninayotumia niiweke wazi mapema. Kuyakandamiza makalio kunaweza kukupotezea sehemu ya mafuta uliyoyalipia. Kulala au kukaa muda mrefu bila kujongea kunaweza kuigandisha damu kwenye mishipa mikubwa ya miguu, na donge likikatika na kufika mapafuni linaweza kuua. Hasara hizi mbili hazilingani hata kidogo, ingawa mazungumzo mengi kuhusu kupona huishia kwenye ile ya kwanza. Kwa hiyo kila mbinu nitaipima mara mbili, kwa makalio na kwa mzunguko wa damu, na pale vipimo hivyo vinapogongana, mzunguko wa damu ndio utakaoshinda.

Kinachoendelea chini ya ngozi

Seli za mafuta zinaponyonywa hutengana na mishipa yake ya damu. Zikiingizwa mahali papya, kwa siku za mwanzo huishi kwa oksijeni na virutubisho vinavyopenya kutoka kwenye tishu jirani, hadi mishipa midogo mipya ianze kuota na kuzifikia, kazi inayoanza ndani ya wiki ya kwanza na kuendelea kwa wiki kadhaa. Shinikizo la muda mrefu huibana njia hiyo ya riziki wakati ambapo bado ni dhaifu. Seli zinazokufa hufyonzwa na mwili, au huacha uvimbe mgumu au kifuko cha mafuta ya majimaji. Zile zinazopona hubaki, na hunenepa au kukonda pamoja na mwili wako wote.

Hata mgonjwa aliyeshika kila sharti hupoteza sehemu ya mafuta hayo katika miezi 3 ya mwanzo, na umbo la kudumu huonekana vizuri karibu na mwezi wa 6. Anayeyaona makalio yakipungua katika wiki ya nne asikimbilie kujilaumu kwa ile siku aliyokaa kwenye kochi. Mara nyingi kinachopungua wakati huo ni uvimbe wa upasuaji. Uvutaji wa sigara, kwa upande mwingine, ni adui wa kweli, kwa kuwa nikotini huibana mishipa midogo ile ile inayotafutwa, na kuacha kukaa hakuwezi kufidia madhara yake.

Jambo jingine la kuelewa ni mahali uzito unapotua. Ukikaa wima, uzito wa kiwiliwili hutua hasa kwenye mifupa miwili ya kukalia iliyo chini ya nyonga. Ukiegemea nyuma, kama mtu aliyezama kwenye kochi, uzito huhamia kwenye mfupa wa mkia na sehemu ya juu ya makalio, ambako mara nyingi mafuta ndiko yalikowekwa. Ukiinama mbele, huhamia mapajani. Kwa sababu hiyo kujilaza nusu kwenye kiti cha kuegemea, ambako wengi hudhani ni kukaa kwa upole, kwa kawaida ni kubaya kuliko kukaa wima kwa muda mfupi.

Tabaka lililotiwa mafuta nalo lina maana. Mwaka 2017 utafiti wa jopo la wapasuaji wa urembo ulikadiria kwamba upasuaji huu ulikuwa ukiua takribani mgonjwa 1 kati ya 3,000, na sababu kuu ilikuwa mafuta kuingia kwenye mishipa mikubwa iliyo ndani ya misuli ya makalio, kisha kuziba moyo na mapafu. Mwaka 2018 vyama kadhaa vya wapasuaji vilitoa tahadhari ya pamoja kwamba mafuta yasiingizwe ndani ya msuli wala chini yake, na mwaka 2019 jimbo la Florida nchini Marekani likalifanya hilo kuwa amri. Nchini Uingereza, chama cha wapasuaji wa urembo kiliwashauri wanachama wake mwaka 2018 kuacha kabisa upasuaji huu, kisha mwaka 2022 kikaridhia aina moja tu, ile ya mafuta kubaki kati ya ngozi na msuli. Kwa mgonjwa anayepona, matokeo yake ni kwamba mafuta yaliyowekwa kwa njia salama yako karibu na ngozi, katika tabaka linalokutana na kiti moja kwa moja.

Mto wa mapajani na mto wenye tundu

Mito hii miwili huuzwa kwa wagonjwa wale wale, na anayenunua kwa haraka anaweza kudhani inafanya kazi moja.

Mto wa mapajani ni kipande kigumu cha sponji kinachowekwa chini ya mapaja, nyuma kidogo ya magoti hadi karibu na mkunjo wa makalio, ili makalio yenyewe yabaki hewani. Ukitumiwa vizuri hupunguza sana shinikizo mahali penye mafuta. Kipimo chake ni rahisi: ukishakaa, pitisha kiganja kati ya makalio na kiti, kikikwama, mto ni mfupi mno au ni laini mno, na sponji laini hata ikiwa nene hubonyea na kukurudisha ulikotoka. Mgongo nao unahitaji mto wake, vinginevyo utateleza nyuma taratibu bila kujua, na nyayo zikae sakafuni badala ya kuning'inia.

Udhaifu wake ni kwamba uzito ulioondolewa kwenye makalio haukutoweka, umehamia nyuma ya mapaja, na kuyakandamiza mapaja kwa muda mrefu huzuia damu kurudi kutoka miguuni. Mtu anaweza kulinda mafuta yake kwa uaminifu mkubwa kwa saa tatu mfululizo huku akijitafutia donge la damu. Ndiyo maana nauona mto huu kama kifaa cha dakika 20 au 30, kisha mtu asimame na kutembea kidogo kabla ya kurudi. Kwa aliyenyonywa mafuta mapajani, mto huo huo hukaa juu ya kidonda, na atahitaji kusubiri zaidi au kutafuta njia nyingine.

Mto wa duara wenye tundu katikati ulibuniwa kwa ajili ya watu wenye bawasiri, walioumia mfupa wa mkia au waliotoka kujifungua. Huliacha huru eneo la katikati na kupeleka uzito pembeni, yaani kwenye mashavu yenyewe ya makalio, ambako mpasuaji alijaza. Kwa mgonjwa wa BBL naona hauna nafasi kabisa, hata kama una bei nafuu na unapatikana karibu kila duka la vifaa vya hospitali.

Viti vya kupigia magoti, vinavyotumiwa na baadhi ya wafanyakazi wa ofisini, havinishawishi pia. Magoti hubeba sehemu ya mzigo, lakini sehemu kubwa bado hubaki kwenye makalio.

Kulala kifudifudi, ubavu au chali

Kifudifudi ndiyo namna inayoyaacha makalio huru kabisa, na katika wiki 2 za mwanzo ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza usiku. Ugumu wake hauko kwenye makalio. Uko tumboni, ambako mara nyingi mafuta ndiko yalikonyonywa na ambako kila mguso huuma. Mto mwembamba chini ya kifua na mwingine chini ya miundi hupunguza mkazo wa mgongo, na shingo igeuzwe upande mmoja na mwingine kwa zamu. Godoro lililobonyea katikati hufanya mgongo upinde vibaya.

Ubavu unategemea ramani ya mafuta. Ikiwa mpasuaji alijaza pia pembeni ili kuondoa vishimo vya nyonga, kulala ubavu ni kukandamiza hapo hapo. Ikiwa pembeni hapakuguswa, kulala nusu ubavu na nusu kifudifudi, goti la juu likiwa limeegemezwa kwenye mto, humpa mtu usingizi bora kuliko kifudifudi cha moja kwa moja. Mwombe mpasuaji akuchoree. Mchoro mmoja kwenye karatasi una faida kuliko maelezo marefu uliyopewa ukiwa bado umelewa nusukaputi.

Chali haifai, isipokuwa kwa mtindo wa mito mirefu chini ya mgongo na chini ya mapaja inayoyaacha makalio hewani, na mtindo huo huharibika mtu anapogeuka usingizini.

Hapa ndipo penye mgongano mkubwa ambao wagonjwa huugundua wakiwa wameshapasuliwa. Aliyeunganisha BBL na kukatwa ngozi ya tumbo kwa siku moja hudaiwa mambo mawili yanayopingana: mshono wa tumbo unataka alale chali au nusu wima huku amekunja nyonga, na makalio yanataka alale kifudifudi. Hakuna mto unaomaliza ugomvi huo kikamilifu. Kuunganisha upasuaji huokoa gharama, lakini pia hurefusha muda wa nusukaputi na kuongeza hatari ya damu kuganda, kwa sababu mgonjwa mwenye maumivu pande zote mbili hutembea kidogo. Anayebaki na nafasi ya kuchagua, ningemshauri atenganishe kwa miezi kadhaa.

Kutokaa kabisa

Wapo wanaochagua njia kali kuliko zote, yaani kusimama, kutembea na kulala kifudifudi tu. Kwa mafuta ndiyo salama zaidi, na kwa damu pia ni nzuri kwa sharti moja, kwamba neno kutembea lichukuliwe kwa uzito. Mtu anayetafsiri "usikae" kuwa "lala mchana kutwa" amechagua njia mbaya kuliko aliyekaa kwenye mto wa mapajani kwa dakika 20 na kuinuka. Matembezi mafupi ndani ya nyumba yanaanza siku ile ile ya upasuaji au kesho yake, akisaidiwa na mtu, kwa sababu kizunguzungu cha siku za mwanzo huangusha watu. Njia hii inamfaa mwenye msaidizi nyumbani na likizo ndefu. Anayerudi peke yake kwenye nyumba ya ngazi, mwenye watoto wadogo wa kulisha, huivunja siku ya tatu, na huivunja kwa namna mbaya kuliko angejipangia mto tangu mwanzo.

Chooni, kwenye mswala na jikoni

Choo cha kukaa na choo cha kuchuchumaa vina faida na hasara tofauti. Cha kukaa hugusa makalio, lakini kwa dakika chache tu, na wapasuaji wengi hawakikatazi. Inama mbele ili uzito uende mapajani, na simu ibaki chumbani. Cha kuchuchumaa hakikandamizi chochote, lakini huvuta ngozi kwenye matundu madogo yaliyopitishiwa mirija ya kuingizia mafuta, ambayo mara nyingi huwa kwenye mkunjo wa makalio au juu ya mfupa wa mkia, na humtaka mtu aliyepungukiwa nguvu ashuke na kuinuka peke yake. Kwa siku za mwanzo nachagua cha kukaa. Matundu hayo yako karibu na njia ya haja, kwa hiyo kujisafisha kuanzia mbele kwenda nyuma na kujikausha vizuri ni kinga halisi ya maambukizi. Dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua kwa muda mrefu ndiko kunakoongeza dakika za kukaa, basi maji, matunda na mboga za majani viwe sehemu ya mpango.

Kwa Mwislamu, rukuu na sijida havikandamizi makalio, ila kikao cha kati ya sijida mbili na cha tahiyatu huyaweka juu ya miguu. Mgonjwa anaruhusiwa kuswali kwa kadiri ya uwezo wake, na kuswali kwa kusimama na kuashiria ni njia inayojulikana. Asiye na hakika amuulize mwanachuoni anayemwamini, na akimweleza tu kwamba daktari amemkataza kukaa, inatosha.

Jikoni, kigoda na kibao cha mbuzi vimpishe mtu mwingine kwa wiki hizo. Viko chini mno, hukunja nyonga na kuyavuta makalio huku yakibeba uzito kwenye eneo dogo.

Kukandwa kwa maji ya moto, ambako mama zetu na shangazi zetu wanakufahamu vizuri kwa mzazi, hakufai hapa. Ngozi iliyonyonywa mafuta hufa ganzi kwa wiki kadhaa, na mtu anaweza kuungua bila kuhisi; mikono inayokandamiza makalio nayo hufanya kile kile tulichokuwa tukikikwepa kwa kutokaa. Masaji ya kupunguza uvimbe, ikiwa mpasuaji ameiagiza, hufanywa kwenye maeneo yaliyonyonywa tu. Nguo ya kubana mwili hufuata mantiki hiyo hiyo: ibane tumbo na kiuno, na iyaachie makalio nafasi.

Njiani

Safari ya kutoka hospitali ni mtihani wa kwanza. Wengine hulala kifudifudi kwenye kiti cha nyuma cha gari bila mkanda, wakiamini wanalinda matokeo. Mimi nachagua kukaa kwenye mto wa mapajani na kufunga mkanda, hata kama makalio yatagusa kiti kidogo, kwa kuwa breki moja ya ghafla ina madhara makubwa kuliko nusu saa ya shinikizo. Bodaboda iachwe kabisa kwa wiki kadhaa, kwa matuta yake na kwa namna tandiko linavyoingia kati ya makalio. Kwenye daladala au matatu, kiti hakina nafasi ya mto, na kusimama katikati ya msongamano ni kualika viwiko na breki. Kuendesha mwenyewe kusubiri hadi dawa kali za maumivu ziishe na uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita.

Ndege ndiyo inayotenganisha aliyepasuliwa karibu na aliyepasuliwa mbali. Kutoka Istanbul hadi Nairobi au Dar es Salaam ni takribani saa 7 angani, na wakati wa kupaa, kutua na hewa inapochafuka lazima ukae na kufunga mkanda. Saa zote hizo ni za makalio yaliyobanwa na miguu iliyotulia, tena kwa mwili ambao upasuaji wenyewe umeshaufanya uwe mwepesi wa kugandisha damu. Anayesafiri achukue kiti cha njiani, avae soksi za kubana alizopimiwa, atembee mara kwa mara, anywe maji, na amuulize mpasuaji kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Tarehe ya kurudi ipangwe na daktari. Tiketi ya bei nafuu isiyobadilishika si daktari. Aliyepasuliwa nchini kwake hulipa kwa namna nyingine, kwa kuwa analazimika kuchunguza mwenyewe kama mpasuaji ni bingwa aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari la nchi husika na kama kituo kina uwezo wa kukabili dharura, lakini akipata homa siku ya kumi anamfikia mtu aliyemshona.

Nani achague nini

Mwenye msaidizi na likizo ya kutosha afuate njia ya kutokaa kwa wiki 2, kifudifudi usiku na matembezi mafupi mchana, kisha mto wa mapajani kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita. Mhasibu, keshia au fundi cherehani, ambaye kazi yake ni kiti, aombe likizo ndefu kuliko ya mwalimu anayesimama darasani, au apandishe meza yake ili afanye kazi amesimama kwa zamu. Aliyewahi kuganda damu, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni au mwenye uzito mkubwa asichague njia yoyote ya kutulia kwa muda mrefu, na ayaseme hayo kwa mpasuaji kabla ya siku ya upasuaji.

Kwa namna zote, zipo dalili zinazofuta ulinganisho huu wote: kukosa pumzi ghafla, kifua kuuma, kukohoa damu, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kuliko mwingine. Mtu aende hospitali yenye huduma ya dharura papo hapo, akae anavyoweza njiani, na amwambie daktari waziwazi kwamba amefanyiwa upasuaji wa makalio na tarehe yake. Wengine huficha kwa aibu na kusema wana homa tu, na daktari hupoteza muda akitafuta malaria. Homa, wekundu unaosambaa, joto au usaha kwenye matundu huhitaji kuonwa siku hiyo hiyo. Uvimbe mgumu usiouma unaojitokeza baada ya wiki kadhaa hauna haraka ya namna hiyo, lakini usiukande wala usiruhusu mtu auchome sindano nyumbani. Ultrasaundi huweza kuonyesha kama ni kifuko cha mafuta, mkusanyiko wa majimaji au jambo jingine, na baada ya hapo ndipo mpasuaji ataamua kama unaguswa au unaachwa.